Vyombo vya barafu kwa kalibu za silikoni: mambo ya kuangalia kabla ya kununua friza

Katika miezi ya karibuni tumepokea maombi yanayofanana kutoka vikundi kadhaa vya vijana na vya akina mama. Wanaomba kusaidiwa friza na vifaa vya kutengenezea vyombo na mapambo ya barafu kwa ajili ya harusi, ubarikio na sherehe nyingine. Baadhi ya wajumbe wa kamati za parokia wameliona jambo hili kuwa la mzaha. Mfadhili mmoja naye alituuliza, kwa upole, kama ni haki fedha za miradi ya kujitegemea zigandishwe usiku ili ziyeyuke mchana. Swali hilo ni zuri na halijibiwi kwa neno moja. Tumeona ni vema tueleze kazi yenyewe ilivyo, namna kalibu za silikoni zinavyotengenezwa nyumbani, na hatari zilizomo, ili kamati zikikaa kupitia maombi hayo ziwe na la kusimamia.

Ni vitu gani hasa

Vitu vinavyotengenezwa ni bakuli za kuwekea matunda au kachumbari mezani, taa za barafu zenye mshumaa ndani, herufi za mwanzo za majina ya maharusi, na maumbo ya nanasi, samaki, kombe la pwani au moyo. Vingine hugandishwa na maua au majani ndani yake, na hivyo ndivyo watu husogelea zaidi kupiga picha.

Kazi hii si mpya duniani. Mjini Harbin, kaskazini mwa China, hujengwa kila majira ya baridi majumba na sanamu za barafu inayokatwa katika mto Songhua, na tamasha lake limekuwa likifanyika kwa mpangilio wa kila mwaka tangu 1985. Katika kijiji cha Jukkasjärvi, Sweden, kuna hoteli iliyoanza mwaka 1989 ambayo hujengwa kwa barafu na theluji ya mto Torne. Huko barafu ni bure na mafundi huchonga kwa misumeno na patasi. Kwetu barafu ni umeme, na fundi wa kuchonga hapatikani kirahisi. Ndiyo maana vikundi vyetu vimeelekea kwenye kalibu: unatengeneza umbo mara moja, kisha unamimina maji na kugandisha mara nyingi upendavyo.

Kwa nini silikoni

Karibu kila kitu kikiganda husinyaa, lakini maji hufanya kinyume. Yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 9, na ndiyo maana chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza hupasuka na barafu huelea juu ya maji. Kalibu ngumu ya kioo, plasta au plastiki nyembamba husukumwa na barafu hiyo hadi ipasuke, au barafu yenyewe hukwama humo na kuvunjika inapogongwa ili itoke.

Viwanda vya barafu ya mabonge huepuka tatizo hili kwa kutumia makopo ya bati yaliyo mapana juu na membamba chini, ambayo huzamishwa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Bonge likishaganda, kopo huchovywa kidogo kwenye maji ya kawaida na bonge huteleza likatoka. Njia hiyo ni nzuri kwa bonge la mraba, ila nanasi lenye macho na majani halitoki hivyo.

Silikoni ni kama mpira. Hukubali kusukumwa na barafu, kisha hurudi ilivyokuwa. Haipati ugumu wala haipasuki kwa baridi ya friza, na barafu haishikamani nayo. Ukitaka kutoa umbo unaibandua kalibu taratibu kama unavyomenya ndizi, hata kama umbo lina mikunjo na sehemu zinazoingia ndani. Aidha hunakili kila kilichopo juu ya kielelezo, hata alama ya kidole. Katika mafunzo tuliona kalibu ya kifuu cha nazi ikitoa bakuli la barafu lenye nyuzinyuzi zote za kifuu, na washiriki waliligeuza mikononi mpaka likaanza kuchuruzika.

Kutengeneza kalibu nyumbani

Silikoni maalumu ya kutengenezea kalibu ipo. Huja katika makopo mawili ambayo huchanganywa, ikaachwa igande. Ni nzuri lakini ni ghali, na nje ya miji mikubwa ni shida kuipata. Mbadala wake ni silikoni ya tyubu ambayo mafundi wa madirisha ya aluminiamu na wa mabomba hutumia kuziba nyufa. Ipo karibu kila duka la vifaa vya ujenzi na husukumwa kwa bunduki yake ya mkono.

Zipo aina zaidi ya moja, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Inayofaa ni ile inayotoa harufu kali ya siki inapotoka kwenye tyubu. Harufu hiyo ni ya asidi inayoondoka wakati silikoni inakauka. Isiyonuka siki hukauka kwa njia nyingine, na mbinu tunazoeleza hapa chini hazifai kwa hiyo.

Silikoni ya tyubu hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuelekea ndani, kwa kasi ya milimita mbili hadi tatu tu kwa siku. Ukijaza ndoo na kuzamisha kielelezo chako humo, baada ya wiki utakuta ganda gumu nje na uji ndani. Mafundi wa mitaani wamepata njia mbili za kuufikisha unyevu ndani ya silikoni yote kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni kuichanganya na wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini ambao wapishi hutumia kufanya mchuzi uwe mzito. Unga wa ugali haufai. Ujazo wa wanga huwa karibu sawa na ujazo wa silikoni. Wanga una unyevu kiasi ndani yake, na unyevu huo huikausha silikoni kuanzia ndani. Kanda kama unga wa chapati, kwa mikono iliyovaa glavu, hadi donge lisigande vidoleni. Baada ya hapo una dakika chache tu za kulibandika kwenye kielelezo. Wanga ukizidi, kalibu huwa ngumu na humeguka pembeni.

Njia ya pili ni kuisukuma silikoni ndani ya beseni la maji yaliyochanganywa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kuikanda humo humo. Sabuni huifanya isishike mikono, na maji huanza kuikausha. Sisi tunaipendelea njia hii kwa kazi ya barafu, kwa sababu haiachi wanga ndani ya kalibu. Kalibu ya barafu hulowa kila siku, na wanga uliolowa ni chakula cha ukungu.

Kielelezo kinaweza kuwa kitu chochote kigumu chenye umbo zuri. Udongo wa mfinyanzi uliokauka, mbao na plasta vipakwe kwanza mafuta ya mgando kidogo sana, kwani vina vitundu ambavyo silikoni hushika. Bandika silikoni ukianzia sehemu zenye mikunjo, ukikandamiza ili hewa isibaki, hadi ufikie unene wa kidole kimoja. Iache hadi ibonyee na kurudi bila kuacha alama, kisha utoe kielelezo na uiache kalibu mahali penye hewa mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kwa kawaida huchukua siku kadhaa. Kwa umbo la pande mbili ni lazima kukumbuka kwamba silikoni haishiki vitu vingi, ila hujishika yenyewe. Ukiweka upande wa pili bila kupaka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa upande wa kwanza, utapata kipande kimoja kisichofunguka.

Kazi hii ifanyike nje au madirisha yakiwa wazi. Mvuke wa siki huwasha macho na koo, na silikoni mbichi huwasha ngozi. Watoto wasiwepo.

Kugandisha

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na silikoni ni laini. Kalibu kubwa ikijazwa maji hulegea na umbo hupotea. Kwa hiyo huwekewa ganda la nje la plasta au hukalishwa kwenye sanduku la mbao lililojazwa mchanga mkavu. Usijaze hadi ukingoni. Acha nafasi ya sehemu moja katika kumi. Mdomo wa kalibu uwe mpana. Ukiwa mwembamba kama wa chupa, huganda kwanza na kuziba, na maji ya ndani yakianza kuongezeka hayana pa kwenda isipokuwa kupasua maungio.

Wengi hulalamika kuwa barafu yao ni nyeupe kama maziwa, si angavu kama ya kwenye picha. Maji yana hewa na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Yanapoganda husukuma vitu hivyo mbele, na kwa kuwa friza hugandisha kutoka pande zote, uchafu huo hukusanyika katikati na kutengeneza moyo mweupe. Kuchemsha maji kwanza husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kufanya barafu igande kutoka upande mmoja tu: zungushia kalibu blanketi kuukuu au maboksi ya povu jeupe pembeni na chini, na uache sehemu ya juu wazi. Barafu itaanza juu na kushuka, na uchafu utabaki chini, ambako unaweza kukatwa au kufichwa. Huchukua muda mrefu zaidi, pengine siku nzima au mbili kwa umbo kubwa.

Barafu ikitoka kwenye friza isimwagiwe maji ya moto, kwani itapasuka. Iachwe mezani dakika kadhaa hadi ule ukungu mweupe wa juu uondoke na ianze kung'aa. Hapo ndipo ibebwe, na ibebwe kwenye trei yenye kingo, kwa kuwa maji yatakayotiririka ni mengi kuliko mtu anavyodhani. Tunasisitiza trei kwa sababu nyaya za vipaza sauti katika kumbi zetu hupita sakafuni.

Afya kwanza

Jambo la kwanza ni maji. Wapo wanaoamini kuwa baridi ya friza huua vijidudu. Haiui kiasi cha kutosha. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kukaa ndani ya barafu vikiwa hai, na barafu iliyogandishwa kwa maji ya kisima kisicho salama ni hatari sawa na maji hayo hayo. Chombo chochote cha barafu kitakachogusa chakula, hata kama hakiliwi chenyewe, kigandishwe kwa maji yaliyochemka na kutokota angalau dakika moja, kisha yakapoa yakiwa yamefunikwa. Watoto huvunja vipande vya mapambo na kuvifyonza. Hakuna mwenye harusi atakayewazuia wote. Kwa sababu hiyo tunashauri maji yote yachemshwe, hata ya mapambo matupu.

La pili ni silikoni yenyewe. Silikoni ya tyubu za dukani imetengenezwa kwa madirisha na mabomba, na inayouzwa kwa ajili ya bafu mara nyingi ina dawa ya kuzuia ukungu. Haifai kwa chakula. Kalibu iliyotengenezwa kwayo itumike kwa mapambo tu: herufi, taa, sanamu za katikati ya meza. Isitumike kugandisha barafu ya kuwekwa kwenye vinywaji, barafu za watoto za rangi, wala bakuli litakalogusa matunda. Kwa hivyo, kikundi kinachotaka kutengeneza bakuli za chakula hakina budi kununua silikoni ya makopo mawili iliyoandikwa kuwa inafaa kwa chakula, au kutumia njia ya mabakuli mawili tunayoieleza mbele. Haitoshi kufunika silikoni ya ujenzi kwa karatasi ya nailoni.

Maua nayo yana mambo yake. Yasmini na waridi zisizopigwa dawa hazina shida. Oleanda, yale maua ya waridi na meupe yaliyopandwa katika viwanja vya makanisa mengi, ni sumu katika kila sehemu yake, na yasiwekwe kwenye barafu yoyote iliyo karibu na chakula.

La tatu linagusa parokia zenye zahanati. Tumesikia pendekezo kwamba, kwa kuwa zahanati ina jokofu na umeme wa jua, kikundi kianze humo wakati kikisubiri friza yake. Kamati zisilikubali kabisa. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kila mlango ukifunguliwa joto hupanda, na lita kadhaa za maji ya uvuguvugu yakiingizwa hupanda zaidi. Akija mtu akazungusha kidhibiti ili barafu yake igande upesi, joto hushuka chini ya sifuri, na chanjo kama za pepopunda na homa ya ini aina ya B zikiganda huharibika. Chupa haitaonekana tofauti kwa mtu asiye na utaalamu, na mtoto atachomwa sindano isiyomkinga. Jokofu la chanjo lisiwekwe hata chupa ya maji ya kunywa ya muuguzi, sembuse herufi za maharusi.

Je, inalipa?

Kugandisha kilo 10 za maji ya joto la kawaida na kuyafikisha nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuyaondolea joto la takribani uniti 1.3 za umeme. Friza huhamisha joto badala ya kulizalisha, kwa hiyo umeme wa kazi hiyo peke yake unaweza kuwa pungufu ya hapo. Lakini ongeza joto linalopenya kwenye kuta mchana kutwa, mlango unaofunguliwa kila mara, na friza iliyowekwa kwenye chumba cha bati chenye joto kali. Gharama kubwa, basi, ni kuiacha friza ikiwaka wiki nzima kwa ajili ya harusi moja ya Jumamosi. Ikumbukwe pia kuwa friza ya nyumbani ina kikomo cha kilo inazoweza kugandisha kwa saa 24, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko chake. Kuijaza maji kupita kiwango hicho ni kuichosha mashine bila kupata barafu.

Kwa maoni yetu mapambo ya barafu peke yake hayabebi friza. Harusi zina msimu wake, na Kwaresima karibu hakuna. Friza inaweza kujilipa pale kikundi kinapokuwa na kazi nyingine ya kila siku, kama kuuza maji baridi, juisi, au barafu kwa wauza samaki. Pwani na kando ya maziwa mteja wa kudumu wa barafu ni mvuvi, ambaye katika joto letu anahitaji karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na hajali kama ina umbo la moyo. Mapambo yawe nyongeza juu ya biashara hiyo. Mfadhili aliyetuuliza swali tumemjibu hivyo, na ameomba kuona hesabu ya kikundi kimoja cha mwambao kabla ya kuamua.

Tunashauri pia kikundi kianze bila silikoni. Chukua mabakuli mawili, moja kubwa na moja dogo, weka dogo ndani ya kubwa, tia maji katikati yake, weka mawe safi ndani ya dogo ili lisielee, kisha gandisha. Utapata bakuli la barafu linalofaa hata kwa chakula. Kwa taa, wenzetu wa Finland hutumia ndoo ya kawaida: huijaza maji na kuiacha nje usiku wa baridi, maji yaliyo pembeni na juu huganda kwanza, kisha hugeuza ndoo, hutoboa, humwaga maji ya katikati ambayo bado hayajaganda na kuweka mshumaa humo. Kwenye friza inawezekana pia, mradi fundi achungulie mara kwa mara. Ukikiona kikundi kinauza vyombo vya namna hii miezi mitatu mfululizo kwa friza ya kuazima, hapo kalibu za silikoni zina maana.

Kamati itakayotuletea ombi iambatanishe mambo yafuatayo: daftari la mauzo ya miezi hiyo mitatu, makadirio ya umeme kwa mwezi, maelezo ya maji yanapotoka na nani anayachemsha, na barua ya bwana afya wa eneo iwapo kitakachouzwa kinagusa chakula. Itaje pia chumba friza itakapokaa na nani atakuwa na ufunguo. Mafunzo ya kutengeneza kalibu tunaweza kuyaleta parokiani kwa siku mbili. Kikundi kitanunua tyubu zake, nasi tutakuja na bunduki ya silikoni, glavu na vielelezo vichache, kikiwemo kile kifuu cha nazi.